Nzi wa maboga hamalizwi kwa pampu ya dawa

Chukua tango lililopinda kama ndoana, yale ambayo wachuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, huyatenga kando na kuyauza kwa bei ya kutupa. Tazama upande wa ndani wa ule mpindo. Utaona kidoa cha rangi ya kahawia kama kichwa cha pini, pengine na tone la utomvu uliokauka juu yake. Nzi alichoma hapo akaacha mayai. Upande uliochomwa ukadumaa, wa pili ukaendelea kukua, na tango likajikunja.

Mkulima akiyaona matango kama hayo hukimbilia duka la pembejeo, na jioni hiyohiyo shamba zima linanuka dawa. Mimi naiona hiyo ni pesa iliyotupwa, tena kwa sababu zilizo wazi. Mayai yamo chini ya ganda, na kwa joto letu huanguliwa kwa siku moja au mbili. Funza wanakula ndani ya tunda kwa takriban wiki, dawa haiwafikii. Wakikomaa hutoka, hujikunja na kujirusha kama springi ya kalamu, kisha huzama udongoni sentimita chache tu na kugeuka pupa. Nzi mwenyewe naye halali shambani. Hupumzika kwenye mahindi na vichaka vya uani, akaja kutaga na kuondoka. Sasa hiyo dawa iliyorowesha majani imemkuta nani? Imemkuta nyuki, ambaye bila yeye ua jike la boga halishiki. Isitoshe, tango likishaanza kuzaa huchumwa kila baada ya siku mbili tatu, na lebo za dawa nyingi zinadai usubiri zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ni ya ndoo na jembe. Kila baada ya siku mbili, okota kila tunda lililoanguka, lililooza kitako au lenye kidoa, hata lile linaloning'inia bado. Usilitupe kwenye lundo la mboji wala pembeni ya uzio; hapo umehamisha kitalu cha nzi, hujakiondoa. Shimo la kiganja kimoja halitoshi, kwa maana nzi mchanga anajua kupenya udongo uliotifuliwa. Fukia mpaka udongo wa juu uwe angalau nusu mita, ukaushindilie. Mwamba wa matumbawe ukikukatalia kuchimba, na sehemu nyingi za huku hukataa, tumia mfuko mzito wa plastiki nyeusi: jaza, funga mdomo, uache kwenye jua kali wiki moja hadi mbili. Kagua mfuko kwanza. Tundu dogo likiwepo, funza wataliona kabla yako.

Mitego nayo ina kasoro yake. Pwani tumezoea mitego ya embe, basi muuzaji akiulizwa dawa ya nzi hutoa kivutio kilekile cha methili yujinoli. Hicho humvuta nzi wa embe. Nzi wa tikiti na tango huvutwa na kivutio kingine kiitwacho kyulua (cue-lure), na anayeingia ni dume peke yake. Madume wachache wakibaki wanatosha kuwapanda majike wote. Halafu yuko nzi mdogo wa maboga, ambaye vivutio hivyo vyote viwili havimshughulishi kabisa. Kwa hiyo mtego mtupu usikupe usingizi. Utumie kujua nzi wa kyulua wameanza lini kuongezeka, na kwa huyo mdogo kata matunda machache kila wiki uangalie ndani.

Jike unampata kwa njaa. Kabla mayai yake hayajakomaa lazima ale protini, ndiyo maana chambo cha protini kilichochanganywa na dawa kidogo hufanya kazi pale pampu iliposhindwa. Panda mistari miwili ya mahindi kuzunguka shamba wiki tatu nne kabla ya maboga. Maua ya kwanza yakitokea, anza kudondosha chambo chini ya majani ya hayo mahindi, madoa makubwa yaliyoachana, si ukungu, mara moja kwa wiki. Vipimo fuata lebo. Mvua ya masika ikikiosha, rudia.

Kwa karela (tango chungu) na dodoki zilizopandishwa kichanjani, hakuna kinachoshinda mfuko wa gazeti la tabaka mbili. Ufunge tunda likiwa na sentimita 3 au 4, ua likishanyauka. Ukichelewa siku chache utakuwa umemfungia funza nyumbani kwake. Gazeti huyeyuka mvuani, hivyo msimu wa mvua tumia kitambaa chepesi. Kwa matikiti ya ekari nzima, kazi hiyo sahau.

Kinachobaki ni jirani, na huku Utange au Mwakirunge jirani yuko hatua kumi. Mumunye uliojiotea jalalani kwake na vitango mwitu vinavyotambaa uani vinalea nzi mwaka mzima, maana hatuna baridi ya kuwapumzisha. Nenda mzungumze, mng'oe pamoja. Na mavuno yako yakiisha, usiache mashina yaendelee kutoa vitunda vya mwisho kwa ajili ya mbuzi. Ng'oa siku hiyohiyo, vitunda vitie mfukoni, majani ndiyo umpe mbuzi.