Kabla ya Kumkata Ulimi, Mpimeni Masikio

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka tisa alirudi nyumbani kwao Isevya, hapa Tabora, akiwa amevimba macho kwa kulia. Alisimamishwa mbele ya darasa asome "saa sita na dakika saba", wenzake wakaangua kicheko kwa sababu ya kitembe chake, kisha mwalimu akatuma ujumbe kwa mama kwamba mtoto ana udata, yaani ulimi ulioshikiliwa kwa chini, na akakatwe chini ya ulimi. Uchunguzi huo wote ulifanywa kutoka umbali wa hatua nne, bila hata kumwambia afungue kinywa. Nampongeza kwa macho yake makali.

Nilimwambia mtoto atoe ulimi, ukatoka wote na kugusa mdomo wa juu bila shida. Wapo watoto ambao ulimi wao umeshikiliwa kweli, na hao, nakubali, huenda wakahitaji mkono wa daktari, huyu hayumo. Wala simzungumzii Mnyamwezi mwenzangu anayebadilishana "r" na "l": hiyo ni lafudhi, na anayeicheka akacheke kwao.

Kinachoniudhi ni dhana kwamba maneno hutoka ulimini kama maji bombani, ukifungua koki yanamiminika. Mtoto anaposema, sauti yake mwenyewe humrudia masikioni, na papo hapo ulimi, midomo na taya humpa habari za mahali vilipogusana na kwa nguvu gani. Ubongo huzilinganisha habari hizo na sauti aliyoikusudia, kisha husahihisha. Anayebisha na akumbuke siku aliyong'olewa jino: masikio mazima, ulimi mzima, lakini kwa sindano moja ya ganzi aliongea kama aliyetoka kilabuni.

Wala kazi hiyo haikomi mtoto akishajua kuongea. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada waliwavalisha watoto wa miaka 9 hadi 11 vipokea sauti masikioni, wakaigeuza "s" waliyoitamka ili waisikie ikielekea "sh", na watoto wakaanza kubadilisha matamshi yao ili kulipinga geuzo lile. Maana yake, katika umri wa mpwa wangu sikio bado linaufundisha ulimi. Sasa, "s" ni sauti nyembamba, hafifu, rahisi kuikosa usikivu unapopungua, na mtoto huyu ametokwa usaha sikioni mara nyingi tangu akiwa na miaka mitatu, nasi tukawa tunamwekea pamba na kusema atakua. Hapo mwalimu hana kosa. Kosa ni letu.

Jumapili nilisimama nyuma yake nikawa natamka "samani" na "thamani" kwa sauti ya chini, aniambie lipi ni lipi. Alipatia mara tano katika kumi, yaani alikuwa anabahatisha. Sidai kuwa hicho ni kipimo, lakini ni zaidi ya alichofanya aliyependekeza wembe. Na haya yanatokea Tabora, mji ulikofunguliwa shule ya kwanza ya viziwi nchini mwaka 1963!

Jumatatu mama yake atampeleka kupimwa masikio. Kuhusu kusimamishwa mbele ya darasa, nimemwandikia mwalimu barua, na hadi leo hajanijibu.