Msing'oe Tartani

Kila uwanja mkuu wa mji ukitangazwa kukarabatiwa, mashabiki wa soka huja na ombi lile lile: ng'oeni tartani, zile njia za wakimbiaji zinazouzunguka uwanja, mtusogezee viti. Uchungu wao naujua. Niliwahi kukaa nyuma ya goli kwenye uwanja wenye njia za kukimbilia, na bao la upande wa pili nililitambua kwa kelele za jukwaa la kule, nani kafunga nikaja kuambiwa baadaye.

Hesabu yenyewe haina huruma. Njia ya kawaida ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na mizunguko yenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Weka ndani yake uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68. Nyuma ya goli hubaki mita 26 hivi kabla ya njia ya kwanza. Ongeza njia nane zenye upana wa mita 1.22 kila moja, na shabiki wa mbele kabisa yuko mita 36 kutoka mstari wa goli. Penye kibendera cha kona, kinyume chake, hubaki kama mita moja tu, na mpiga kona huanza kukimbilia mpira akiwa juu ya tartani.

Wapenda soka hunitajia uwanja wa Delle Alpi wa Turin, Italia, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990. Ulibomolewa, na mwaka 2011 Juventus wakafungua uwanja mpya pale pale, bila njia za riadha. Mimi huwajibu kwa Stade de France, uwanja wa taifa wa Ufaransa, ambako viti 25,000 vya chini hurudishwa nyuma mita 15 riadha inapofika. Palichezwa fainali ya Kombe la Dunia ya 1998, na riadha ya Olimpiki ya 2024 ikafanyika hapo hapo. Viti vya namna hiyo ni ghali, sikatai.

Hata mji usiovimudu nauomba uache tartani. Klabu kubwa ya soka yaweza kutafuta wadhamini ikajenga kwake. Mruka viunzi aende wapi? Mtoto atajuaje kuwa ana mkono wa mkuki, kama hajawahi kuuona ukirushwa?

Kinachoniuma zaidi ni kufuli getini. Nyasi zinahitaji kupumzika, hilo kweli kabisa. Tartani haihitaji, jua huitafuna hata isipokanyagwa na mtu. Basi ifunguliwe kila alfajiri, bila kiingilio, kwa wanafunzi na kwa wazee walioambiwa na daktari watembee. Wanaokimbia wapewe njia ya kwanza na ya pili, wanaotembea wakae ya saba na ya nane, na saa mbili asubuhi mlinzi afunge geti lake.