Soya ya Makerere haikukatiwa utepe

Bajeti ya vyuo ikijadiliwa hapa Kampala, wimbo ni uleule: tafiti za Makerere zinalala makabatini. Wanaouimba wanatafuta kampuni na kiwanda, na wana hoja. Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililotoka Makerere mwaka 2011, lingebaki la maonyesho kama serikali isingeunda Kiira Motors na kujenga kiwanda Jinja. Bila mtaji, mhadhiri hawezi kuuza gari.

Ila kipimo hicho hakiioni soya.

Mwaka 1996 kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu, iliingia Uganda. Majani yanajaa madoa ya kahawia, yanapukutika kabla maganda hayajajaa, mkulima anavuna makapi. Watafiti wa Makerere, akiwamo Profesa Phinehas Tukamuhabwa, wakakaa na ugonjwa huo msimu baada ya msimu, na mwaka 2004 ikatoka Maksoy 1N, mbegu ya soya inayostahimili kutu. Hesabu mwenyewe: miaka minane. Baadaye zikaja 2N na 3N.

Sasa tafuta mapato. Soya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayenunua mbegu leo huweka debe moja ghalani, msimu ujao akapanda tena, na jirani akiomba anampimia. Chuo hakipati hata senti. Kila mkono mbegu inaokopita unaifanya ienee zaidi, na kila mkono unaifuta zaidi kwenye vitabu vya mhasibu. Mwanamke anayesaga soya ya uji wa watoto pale mtaa wa Kisenyi, hapa Kampala, hajui kama amebeba utafiti, na hana sababu ya kujua. (Kabati gani hilo lenye harufu ya uji?)

Sisemi kampuni hazihitajiki. Mbegu ya kuhifadhi nyumbani huchanganyika, feki zimejaa madukani, na lazima awepo wa kuzalisha iliyo safi kila mwaka. Hapo mfanyabiashara anamshinda profesa.

Kinachonisumbua ni saa tunayotumia kupimia. Tangu 2019 serikali imeipa Makerere mfuko wa utafiti na ubunifu, ulioanza na shilingi bilioni 30 kwa mwaka wa fedha, na ni jambo la kushukuru. Lakini mwaka wa fedha hufungwa Juni. Mtafiti wa kutu, Juni yake ya kwanza ya kudaiwa matokeo, angekuwa na nini cha kuonyesha zaidi ya shamba la majaribio lililojaa majani yenye ugonjwa?