Supavaiza kafukuzwa, na waliompa kalamu je?

Ile filamu ya BBC kuhusu unyanyasaji wa kingono kwenye mashamba ya chai Kericho, Kenya, ilipotoka Februari 2023 niliitazama nusu nikaizima, nikatoka nje nikakaa kwa ngazi, manake maneno ya wale kina mama nilikuwa nayajua kabla hawajayamaliza. Nikarudi kuimalizia siku ya pili. Tangu hapo nimetaka kuandika hii kitu na kila mara nashindwa nianzie wapi, leo naandika tu vile inakuja.

Kwa ambao hawakuiona, zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba walinyanyaswa kingono na masupavaiza wao, kwenye mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwandishi mmoja akajifanya anatafuta kibarua, ana kamera ya kuficha, na hata kazi hajapewa tayari kuna mkubwa anautaka mwili wake. Mama mmoja alisema supavaiza wake alimwambukiza virusi vya Ukimwi. Kelele zikapigwa, kampuni zikasema zimeshtuka, watu wakasimamishwa kazi, polisi wakaambiwa, Bunge likaagiza uchunguzi, na kwa watu wengi stori iliishia hapo.

Kwangu haijaisha. Unilever hawakuwa wanasikia haya kwa mara ya kwanza. Malalamiko ya aina hiyohiyo yaliwafikia zaidi ya miaka kumi nyuma, wakatangaza kwamba unyanyasaji hauvumiliwi hata kidogo, wakaweka njia za kuripoti na kadhalika. Miaka kumi jamani! Mtoto aliyezaliwa wakati ule anakaribia kumaliza shule ya msingi. Halafu kamera za siri zikiwa bado zinarekodi, kampuni ikauza biashara yake ya chai, mashamba ya Kenya yakiwemo, kwa CVC Capital Partners, kampuni ya uwekezaji, dili iliyokamilika 2022 ya euro bilioni 4.5. James Finlay nao, baada ya filamu, mashamba yao ya Kenya yakaenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Yani mwenye mali anabadilika, kibao cha getini kinabadilika, yule mama yuko palepale kwenye mistari ileile na kikapu mgongoni, na swali la nani atamjibu linabaki hewani.

Watu wanasema shida ni supavaiza mwenye tamaa. Sikatai, aliyefanya afungwe, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja waziwazi mtu mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake, kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini kuanzia shilingi 100,000. Lakini tamaa bila kalamu haifiki mbali. Mchumaji analipwa kwa kilo, wengi nyumba wanayolala ni ya kampuni, shule ya watoto iko ndani ya shamba, zahanati iko ndani ya shamba, sasa ukipoteza kazi umepoteza na paa. Na anayeamua nani apate kibarua, nani apangiwe kazi nyepesi na nani aumizwe mgongo ni mtu mmoja anayetembea na daftari. Juu ya hapo zikaja mashine za kuchuma, kazi zikapungua mpaka Mei 2023 watu wakazichoma moto huko Kericho. Kazi zikipungua, ile kalamu inazidi kuwa nzito mkononi mwa mwenye nayo. Na hakuna supavaiza aliyeamua kununua mashine, wala aliyeamua kwamba mtu mmoja ndiye achague vibarua peke yake. Hayo yaliamuliwa juu, kwenye vikao, na watu wenye majina na sahihi.

Najua hiyo kalamu. Nilifanya kibarua kwa godauni moja ya kufungasha bidhaa Mombasa, jina silitaji, na kila asubuhi saa kumi na mbili tulisimama getini tukingoja supavaiza asome majina. Ukisomwa unaingia, usiposomwa unarudi nyumbani na nauli umeshatumia. Mwenzangu mmoja alimkataa, jina lake likapotea wiki mbili nzima, na mimi niliyekuwa namsindikiza getini langu nalo likaanza kurukwarukwa. Kulikuwa na sanduku la maoni pale ukutani, jekundu, limeandikwa siri yako ni siri yetu. Funguo alikuwa nayo yeye supavaiza. Tukajipa moyo tukaenda kwa meneja wanawake wanne, akatusikiliza kwa upole kweli, hata maji alitupa, halafu akasema hayo ni mambo ya huko chini, malizaneni wenyewe. Supavaiza alikuja kuhamishwa tawi lingine. Meneja mwaka uliofuata akapandishwa cheo, tukaitwa uani tumpigie makofi, na nilipiga kwa sababu nilihitaji kusomwa kesho yake.

Yule meneja sijawahi kumsamehe kabisa. Supavaiza nilijua ni mtu mbaya toka siku ya kwanza, lakini meneja alikuwa na uwezo wa kumaliza mambo kwa simu moja na akachagua kutopiga.

Halafu kuna hili la kusema bosi yuko mbali, yuko London, atajuaje yanayotokea Kericho. Mbona kilo anazijua? Majani yanapimwa kila siku, yanaandikwa kwa jina la mchumaji, yanajumlishwa mpaka yanafika kwenye ripoti anayosoma yeye, na zikishuka lazima mtu aulizwe. Kinachotakiwa kujulikana juu kinajulikana. Wanawake wangapi wamelalamika mwezi huu, wangapi waliolalamika bado wako kazini, hilo nalo linahesabika kama kilo, ila halijawahi kumkatia mtu bonasi.

Na kuwabana wakubwa inawezekana. Angalia McDonald's, ile kampuni ya migahawa ya Marekani. Mkuu wao Steve Easterbrook alifukuzwa Novemba 2019 kwa uhusiano na mfanyakazi, akaondoka na kifurushi kinono, baadaye kampuni ikagundua kulikuwa na wengine na alikuwa ameficha, ikamshtaki, na Desemba 2021 akarudisha pesa na hisa za zaidi ya dola milioni 105. Januari 2023 mahakama ya jimbo la Delaware huko Marekani ikasema, kwenye kesi iliyomhusu aliyekuwa mkuu wao wa HR, yaani masuala ya wafanyakazi, duniani, kwamba si wakurugenzi wa bodi peke yao, hata maofisa wakubwa wa kampuni wana wajibu wa kusimamia na hawaruhusiwi kufumbia macho dalili za hatari. Kesi yenyewe iliishia kutupwa lakini huo msimamo uko kwenye vitabu. Kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sawa, karatasi ipo, imebandikwa. Mimi nataka aliyeisaini akae mbele ya hakimu aeleze baada ya kusaini alifanya nini, na akishindwa kueleza bonasi za miaka ile zirudi zilipe matibabu na nyumba za waliofukuzwa. Na malalamiko yasipitie kwa mtu yeyote anayepanga kazi, hata kidogo, funguo ya sanduku ikae nje ya shamba kabisa.

Kuhusu hizi kuuziana, ndipo panaponiuma zaidi. Mashamba hayauzwi kwa maneno ya mdomo, kuna mawakili waliokaa wakasoma mikataba ukurasa baada ya ukurasa, wakahesabu magari, viwanda, miti ya chai, madeni, mpaka mabomba ya maji. Nataka mtu atufungulie ile mikataba miwili atuonyeshe wale wanawake 70 na zaidi wameandikwa ukurasa gani.