Khedive Ismail: lawama ianzie wapi?

Februari 1944, meli tano zilizojaa askari ziling'oa nanga Kilindini, Mombasa, zikielekea Colombo. Msafara huo, KR 8, ulilindwa na manowari kongwe Hawkins pamoja na manowari mbili ndogo za mwendo kasi, Petard na Paladin. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilifyatua torpido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, na mbili zikaipata Khedive Ismail, mojawapo ya meli hizo tano. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Ilikuwa na watu 1,511, karibu 1,000 kati yao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Waliookoka ni 214.

Ubishi mkubwa unahusu kilichofuata. I-27 ilijificha chini ya maji, palepale manusura walipokuwa wakielea. Paladin ilianza kuopoa watu, lakini Petard ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji katikati yao. Wapo waliopona torpido wakauawa na mabomu ya walinzi wao.

Wanaoitetea Petard wana hoja nzito. Nyambizi ya aina ile ikiibuka hukimbia zaidi ya maili 23 za baharini kwa saa, mwendo ambao meli za abiria zilizochakaa hazikuwa nao. Ikiachwa mpaka giza liingie, ingeweza kuufukuza msafara na kuupiga tena. Meli nne zilizobaki zilibeba maelfu. Ndiyo maana katika misafara amri ilikuwa kumwinda adui kwanza, waliozama baadaye. Ukatili wa amri hiyo ulijulikana tangu mwanzo.

Wapinzani nao hawabishi kwa huruma tu. Ikiwa chini ya maji, I-27 haikuweza kupita maili 8 kwa saa, tena kwa muda mfupi kabla betri hazijakwisha, na meli nne zilishatimua mbio. Kwa nini manowari moja isingeizunguka na kuibana chini huku nyingine ikiokoa? Jibu langu ni kwamba chombo cha kunasa sauti hutatizwa na makelele ya meli inayovunjika kuelekea chini, na nyambizi ikishapotea katika bahari pana kiasi kile, kuipata tena ni bahati. Hata ilipolazimika kuibuka haikuwa mawindo mepesi: Paladin ilichanika ubavu ilipoigusa, na Petard ilifyatua torpido saba ndipo ya mwisho ikaimaliza. Kwa hiyo naona amri ile ilikuwa sahihi, ingawa nisingethubutu kuitetea mbele ya mjane wa mmoja wa askari wale.

Lakini kumng'ang'ania nahodha wa Petard ni kuwaachia waliokaa ofisini. Uingereza ilijua faida ya misafara tangu 1917: nyambizi inayotaka kupiga hulazimika kuja pale walinzi walipo. Sharti ni walinzi wawepo wa kutosha. Hawkins, iliyoshushwa majini mwaka huohuo wa 1917, haikuundwa kwa ajili ya kuwinda nyambizi. Zilibaki manowari mbili kwa meli tano, katika bahari ambayo nyambizi za Kijapani na za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli mwaka mzima uliotangulia.

Utetezi wa makao makuu ni kwamba Atlantiki ilikuwa na njaa ya walinzi, na maandalizi ya kuvamia Ufaransa yalishaanza. Ni kweli. Ila Januari hiyohiyo manowari kubwa Queen Elizabeth, Valiant na Renown ziliwasili Sri Lanka, na kila moja ilihitaji kusindikizwa na manowari za kasi kama Petard. Mtu aliamua zigawanywe vipi, na katika mgao huo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki walipata mbili.