Sebule Tupu Inastahili Mmea Ulio Hai

Juzi nilikaribishwa katika nyumba mpya huko Fumba, Zanzibar, nikaipenda sebule yake tangu mlangoni: kuta nyeupe, kochi moja, mkeka wa ukindu, na hakuna kabati la vioo lililosheheni vikombe visivyonywewa. Pembeni, hata hivyo, palikuwa na chungu kikubwa cha maua ya plastiki, na vumbi limeganda katika kila mkunjo wa jani. Niliudhika, na hadi leo sijatulia.

Sina ugomvi na wanaopunguza vyombo. Lakini chumba kikishapunguzwa, kila kilichobaki hutazamwa peke yake, na kitu cha bandia hakina tena pa kujificha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mmea unaofaa mno kwa vyumba vya namna hii ni wa kwetu. Wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia. Ni ule wenye majani manene yanayong'aa, yaliyojipanga pande mbili za kikonyo. Huota mwituni kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na Zanzibar imo. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kibiashara katika miaka ya 1990, ukaenea maofisini duniani kote, nasi tunaupokea kama mgeni aliyetoka Ulaya! Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana huvumilia kiangazi, na huvumilia pia mwanga hafifu wa nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe na madirisha yanayotazama vichochoro. Umwagilie pale tu udongo unapokauka hadi chini, kwa kuwa maji mengi huozesha viazi vyake, hasa wakati wa masika. Chomeka jani moja katika mchanga wenye unyevu, usubiri miezi kadhaa, na ukilichomoa utakuta kijiazi kidogo kimejifunga kwenye shina lake. Watoto wasiutafune tu, maana utomvu wake huwasha kinywa.

Nakubali, shingo upande, kwamba plastiki haifi wenye nyumba wakienda Pemba kwa sikukuu. Mmea huu nao haufi.

Habari ya mimea kusafisha hewa sitaitumia kuwashawishi. Jaribio mashuhuri la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989 lilifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa, wala si katika nyumba inayopitwa na upepo wa kusi.

Mrehani na asumini ninavipenda kwa dhati, ila vinataka jua, kwa hiyo vibaki uani au dirishani. Ndani ya sebule panatosha chungu kimoja cha udongo chenye tundu chini, mchanga uliochanganywa na mboji, na kikonyo kimoja ulichoomba kwa jirani.