Toeni theluji mbele ya nyumba zenu

Jamani wakazi wenzangu wa Minneapolis, hili la njia za miguu linanikera kupita kiasi. Baridi yenyewe nimeshaipenda. Ukivaa sweta la sufu na buti zenye meno, ukatembea hadi ziwa Bde Maka Ska lililoganda, unakuta watu wanavua samaki kwenye matundu waliyotoboa, watoto wanateleza, jua linawaka. Raha tupu! Kazi ni kufika huko.

Theluji ikiwa mpya ni laini, beleshi linaipita kama unga. Ikiachwa, watu wanaikanyaga, mchana inayeyuka kidogo, usiku inaganda, na kesho yake ni barafu ngumu yenye mashimo ya nyayo. Chumvi nayo, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hasi za Selsiasi, haifui dafu. Afadhali mchanga.

Sheria ya jiji inampa mwenye nyumba saa 24 tangu theluji ikatike. Majengo ya biashara na ya wapangaji wengi yanapewa muda wa saa 4 tu za mchana. Lakini mtu anasafisha njia ya gari lake hadi sakafu inaonekana, pale wanapopita wenzake hagusi. Mama mwenye kigari cha mtoto anashuka barabarani kupishana na mabasi. Bibi jirani yetu anajifungia ndani akiogopa kuvunjika nyonga. Huyo utamwambiaje atoke nje afurahie?

Na nyie wa nyumba za kona, pa kuvukia pia ni penu. Greda likirundika theluji pale, itoeni.